Pole ya Profesa

Wiki nzima mmekaa roho juu, wasomaji wangu, na wengine mmenisimamisha njiani mkinidai mwisho kana kwamba ninao mfukoni. Haya, kaeni mkao wa kusikiliza.

Tulimwacha Vildan jikoni, asubuhi ya mtihani wake wa mwisho, mjini Bologna, ameshika simu isiyo yake. Simu ile ni ya Zerrin, Mturuki mwenzake anayekaa naye nyumba moja, mkubwa kwake kwa umri, aliyempokea stesheni siku ya kwanza na kumfundisha mpaka namna ya kukata tiketi ya basi. Jina lililowaka kwenye kioo lilikuwa Ferhat. Na Ferhat ni mchumba wa Vildan, pete yake iko kidoleni.

Vildan aliipokea simu bila kutamka neno. Sauti ya Ferhat ikatoka chini chini, mbio mbio.

"Zerrin, bado hajajua, eti? Nakuomba sana, asijue kitu mpaka mtihani upite."

"Nisijue nini?" Vildan akauliza.

Simu ikakatwa palepale.

Zerrin akatoka bafuni na taulo kichwani, anaimba. Hana hili wala lile.

"Nani kapiga mapema yote hii?"

"Mchumba."

"Mchumba wa nani? Mimi na sura hii niliyoamka nayo nipate mchumba?"

"Ndiyo nakuuliza wewe, dada Zerrin."

Zerrin akaiona simu yake mkononi mwa mwenzake. Kicheko kikamfia mdomoni.

Pembeni ya jiko alikuwapo Ornella, mwenzao wa tatu, Muitaliano kutoka kusini, Puglia, anasubiri kahawa ichemke. Kituruki hajui hata salamu. Lakini ugomvi una sura moja dunia nzima, naye akashusha moto akatulia.

"Tangu lini?" Vildan akauliza.

"Keti kwanza, mdogo wangu."

"Sikai! Nakuuliza tangu lini?"

Sasa elewa jambo moja, msomaji. Vildan alikuwa ameamka na moyo mzito hata kabla ya simu hiyo. Tangu alipoanza shule hajawahi kuingia kwenye mtihani wowote bila kuombewa dua na mama yake. Mama Safiye ni mchuma chai wa milima ya Rize, kusoma kwake ni kwa kubahatisha, lakini dua zake zina nguvu. Alipokuwa mtoto, mama alikuwa akimshika kichwa kwa mikono yake miwili yenye rangi ya majani ya chai, akamwombea, akampulizia usoni. Alipokuja huku Ulaya akawa anaombewa kwenye simu, hata pumzi ya mama ya kumpulizia alikuwa akiisikia.

Safari hii mama hapatikani. Wiki nzima sasa. Akipiga, anapokea kaka yake Kadir. Mara mama yuko shambani, si unajua ni msimu. Mara mama amelala. Mara simu ya mama imetumbukia kwenye ndoo ya maji. Leo alfajiri amepiga tena, akaambiwa mama kaenda kijiji cha pili kwenye harusi.

"Harusi asubuhi hii, kaka?"

"Wanapika tangu jana. Nenda kafanye mtihani, dada. Dua umeshaombewa."

Alitaka kitu kimoja tu, sauti ya mama kabla ya kuingia ukumbini. Hakukipata. Juu ya donda hilo ndipo likaja hili la Ferhat.

Vildan akaifungua orodha ya simu zilizopigwa. Ferhat. Ferhat. Ferhat. Leo, jana, juzi, mchana, jioni.

"Mimi ananiambia mtandao mbovu milimani," alisema. "Kumbe mtandao mzima kabisa! Mbovu ni mimi!"

Zerrin akafungua mdomo, akaufumba. Akatazama saa ya ukutani. Mtihani ulikuwa karibu mno.

Jamani, angeweza kujiokoa kwa sentensi moja. Moja tu! Lakini alikuwa ameapa, na mtu wa Bursa, mji wa kwao, akiapa ameapa.

"Ni kweli," akasema.

"Kweli nini?"

"Hicho unachofikiri. Mimi na Ferhat."

Kofi lilitua kabla hajamaliza jina. Taulo likamdondoka Zerrin kichwani. Kahawa ikafurika jikoni na Ornella akamwita Bikira Maria kwa sauti ya juu.

"Nilikuita dada!" Vildan alipiga kelele. "Nilikula sahani moja na wewe! Nimekulilia begani mwaka mzima, kumbe bega lenyewe…"

"Nipige la pili ukitaka," Zerrin akasema. Hakulishika hata shavu. "Nitukane mimi na ukoo wangu. Lakini ukirudi. Sasa hivi nenda kwenye mtihani."

"Huna haya wewe!"

"Sina. Nenda."

Vildan akaivua pete, akaitupa kwenye sinki pamoja na vikombe vichafu, akachukua mkoba na kutoka. Akiwa kwenye ngazi alimsikia Ornella akimfokea Zerrin kwa Kiitaliano: "Huu ni ukatili! Unasikia? Ukatili!" Vildan akajisemea, angalau nyumba hii ina mtu mmoja wa haki.

Ornella akamkimbilia, wakafuatana chini ya yale matao yanayofunika njia za mji mzima. Jua la mwezi wa sita lilikuwa limeshaanza kuchoma, na wenye maduka walikuwa wanamwaga maji mlangoni.

"Usimchukie sana Zerrin," Ornella alisema, anahema.

"Usinitajie jina lake."

"Basi. Lakini profesa Malaguti usimwogope. Atakuita mapema, hutasubiri kama wengine. Ni mtu mwenye utu."

"Wewe umejuaje?"

"Najua tu," Ornella akajibu, akaanza kusifia viatu vya Vildan, viatu ambavyo amevaa mwaka mzima.

Mitihani ya huku haiandikwi. Unakaa mbele ya profesa, meza moja, uso kwa uso, anakuuliza na unajibu, na wenzako wanaosubiri zamu wako nyuma yako wanasikiliza kila unapojikwaa. Vildan aliizoea kwa taabu. Leo alifika akiwa na hasira kiasi kwamba hofu haikupata nafasi. Akaketi mstari wa nyuma, akajikaza kisabuni.

"Binti Vildan Karaca," profesa Malaguti akaita.

Wa kwanza! Ukumbi ukaguna. Wengine walikuwa wamefika na mapambazuko kuwahi nafasi.

Vildan akasogea mbele. Alipofika mezani, profesa akasimama. Sasa profesa huyu huwa hasimami, ni mzee wa magoti mabovu, hata mkuu wa chuo akiingia yeye humsalimia amekaa. Akafunga kifungo cha koti katika joto lile, akamnyooshea Vildan mkono wake.

"Binti yangu, kabla hatujaanza. Pole sana kwa msiba wa mama yako. Nimeshangaa kukuona umekuja. Ukitaka nikupime siku nyingine, hata mwezi wa tisa, wewe sema tu."

Vildan akatabasamu kwa adabu.

"Samahani, profesa. Nadhani umenifananisha na mtu mwingine. Mama yangu mzima."

Macho ya profesa yaliruka juu ya bega la Vildan, yakamtafuta mtu kwenye viti vya nyuma.

Vildan akageuka kufuata macho yale. Ornella alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili na machozi yanamchuruzika juu ya vidole.

"Mama yangu yuko shambani," Vildan akasema. "Anachuma chai. Ni msimu." Alisema kwa Kituruki, kwa hiyo hakuna aliyemwelewa. Kisha akaanguka, na profesa wa magoti mabovu ndiye aliyemdaka.

Walimtoa ukumbini. Ornella alimfuata, anazungumza na kulia kwa pamoja.

"Nilikwenda kumwona ofisini kwake juzi. Nilimwomba akupime kwa upole, akuite mapema, basi. Sikujua kama atatoa pole! Zerrin aliniapisha nisikuambie wewe. Kuhusu profesa hakunikataza. Vildan, mimi kwetu mtu akifa tunabandika jina lake na picha yake ukutani, mtaa mzima, mpaka mpita njia asiyemjua ajue. Nitajuaje kwamba kwenu mtoto wa marehemu ndiye haambiwi?"

Vildan yeye alijua. Alijua vizuri sana. Babu yake alipofariki, binamu yao alikuwa jeshini, mpakani, na wazee wakakata shauri kijana asiambiwe mpaka amalize zamu. Binamu alipopiga simu, Vildan ndiye aliyepokea. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Akamwambia kwa sauti ya uchangamfu, babu amelala. Watu wakamsifu kwa kujua kusema.

Na wiki nzima hii ameambiwa mama amelala, akaamini. Hilo lilimkata maini kuliko lolote.

Alikimbia njia yote kurudi nyumbani. Zerrin alikuwa sakafuni jikoni, mgongo kwenye kabati, shavu bado jekundu, simu mapajani.

"Umerudi mapema," Zerrin akasema. Halafu akamtazama usoni, akaelewa. "Nani kakuambia?"

"Mama yangu kafa?"

"Mtihani umefanya?"

"Dada Zerrin, nakuuliza mara moja tu. Mama yangu kafa?"

"Ndiyo, mdogo wangu. Kafa."

Vildan akakaa sakafuni palepale alipokuwa. Bomba la sinki lilikuwa linadondosha maji na Zerrin akainuka kulifunga, ilimradi mikono yake ifanye kazi.

"Lini?"

"Ilianza Ijumaa ya wiki iliyopita. Moyo. Alianguka shambani, mvua ilikuwa inanyesha, wakamkuta jioni. Wakamkimbiza hospitali mjini."

"Alifia njiani?"

Zerrin akasita. "Hapana. Alikaa siku chache, ndipo akafa. Alikuwa anazungumza."

"Alikuwa anazungumza?" Vildan akamshika mkono kwa nguvu. "Siku chache, anazungumza, na mimi niko hapa nakula aiskrimu kwenye matao? Ndege ipo kila siku! Ningefika! Dada Zerrin, ningefika, ningemwona!"

"Najua."

"Mbona hamkuniambia?"

"Kadir kasema ni mama mwenyewe. Kasema mama alimwita pembeni akamwambia, mtoto asiambiwe mpaka amalize mtihani. Ndilo neno lake la mwisho. Sasa mimi nani nimvunjie marehemu neno lake?"

Vildan akauachia ule mkono. Kwao neno la marehemu halipingwi.

"Na Ferhat?"

"Ferhat halali. Ananipigia kutwa kuuliza, amekula, amelala, anashuku? Ndiyo mapenzi yetu hayo, mimi na yeye." Zerrin akajaribu kucheka, kicheko kikakataa. "Ni yeye na wanaume wa kijijini waliobeba jeneza."

"Mbona ulikubali? Ulinikubalia kabisa. Nikakupiga kofi."

"Ningesema nini? Ulikuwa unatoka kwenda kwenye mtihani. Mtu mwenye hasira anaweza kujibu maswali. Mwenye msiba hawezi. Nikaona bora unichukie mpaka saa sita."

Hapo ndipo Vildan alipomwegemea. Akalibusu lile shavu alilolipiga, akalibusu tena, lakini machozi hayakuja. Alikuwa anajisikia kama mtu aliyeingia nyumba ngeni gizani na hajui pa kushika. Zerrin alimpakata, akampapasa nywele, akamwacha.

Halafu akasema, "Kuna kitu kingine. Ningetamani kisiwepo."

"Sema tu, dada. Kitanifanya nini zaidi?"

"Leo asubuhi, baada ya wewe kutoka, Ferhat kanitumia sauti ya mama yako. Ilirekodiwa hospitalini. Ferhat kasema nikupe ukimaliza mtihani, si kabla. Sijaisikiliza. Si yangu."

Vildan akanyoosha mkono kabla hajafikiri. Sauti ya mama! Ile aliyoiomba alfajiri, aliyoiomba wiki nzima, iko ndani ya simu ile, hatua moja kutoka kwenye vidole vyake. Zerrin akamwekea simu kiganjani wala hakumzuia.

Vildan akaitazama. Kidole kikakaribia, kikarudi.

"Mama kasema mtihani kwanza?"

"Ndivyo Kadir alivyosema."

Akamrudishia simu.

"Basi mtihani kwanza."

"Vildan, umerukwa na akili? Hakuna atakayekulaumu! Profesa mwenyewe atakupa siku nyingine."

"Ni neno lake la mwisho, dada. Kumzika sikumzika. Kumwosha sikumwosha. Nimebakiwa na hili moja la kumtii, nilikatae na hili?"

Zerrin akaiokota pete kwenye sinki, akaipangusa kwa pindo la taulo, akampa. Vildan hakuivaa. Aliiweka mfukoni, akanawa uso, akafunga kitambaa cheusi kichwani, kile cha Zerrin, na wakatoka wote wawili.

Ukumbini walikuwa bado wanaendelea. Vildan alipoingia, kijana aliyekuwa mezani akijiumauma na swali lake alinyanyuka mwenyewe akampisha. Profesa Malaguti akafungua mdomo kuomba radhi.

"Niulize maswali, profesa," Vildan akamwambia. "Tafadhali. Usiniulize mepesi."

Profesa akamtazama muda mrefu. Kisha akavaa miwani.

Akamwuliza kuhusu bandari za zamani na miaka ya tauni, kwa nini mabaharia walizuiwa melini siku nyingi huku wanaziona nyumba zao. Vildan akajibu. Akamwuliza nani alitunga amri hizo na nani alifaidika nazo. Akajibu. Miezi yote aliyokesha na vitabu ilitoka mdomoni kwa mpangilio, mwaka juu ya mwaka, jina juu ya jina, na yeye mwenyewe alijisikia kama anamsikiliza mtu mwingine. Ornella, kule nyuma, alikuwa akipenga kamasi kwa kishindo mpaka wenzake wakamwonyesha mlango, akagoma kutoka.

"Inatosha," profesa akasema mwishoni. Sauti yake ilikwaruza. "Thelathini kwa thelathini, na sifa juu yake. Unaipokea?"

Ndiyo desturi ya huku, mwanafunzi huulizwa. Asiporidhika anaikataa alama na kurudi siku nyingine.

"Naipokea," Vildan akajibu. "Lakini si yangu. Ni ya Mama Safiye wa Rize."

Profesa akamwomba alitaje jina hilo tena, pole pole, na akalirudia kwa ulimi wake wa Bologna, vibaya, lakini kwa heshima. Ukumbi mzima ukasimama. Hakuna aliyepiga makofi.

Wakatoka nje, watatu, wakakaa kwenye ngazi chini ya matao, Vildan katikati. Vijana wengine walikuwa wakipita na chupa zao na mashada ya majani vichwani, kuna waliokuwa wanahitimu siku hiyo, wanaimbiwa nyimbo za matusi na marafiki zao kama ilivyo kawaida. Zerrin akaitoa simu.

"Uko tayari?"

"Sitakuwa tayari kamwe. Bonyeza."

Kwanza ilisikika mashine ya hospitali, ikilia kidogo kidogo. Kisha kikohozi. Kisha yeye mwenyewe, pumzi fupi, lakini yeye kabisa.

"Ferhat, mwanangu, hiki kitu kinashika? Kinashika? Haya… Vildan. Mwanangu mzuri. Kadir kaniambia uko njiani."

Zerrin akainua kichwa ghafla.

"Kasema umeshapanda ndege. Alhamdulillahi. Huo mtihani wako usiuwazie, achana nao, utaufanya mwakani, mitihani haiishi. Nilimwambia Kadir tangu siku ya kwanza, mwite mtoto, nataka kumwona. Akasema nimeshamwita, mama, anakuja. Nimewakatalia hawa sindano ya usingizi. Naogopa utafika unikute nimelala." Pumzi. Pumzi tena, ndefu, ya kutafutwa. "Ngazi za hapa usizikimbilie, wanazipiga deki kila mara, zinateleza. Njoo taratibu tu. Mimi nipo. Nakungoja."

Mashine ikalia mara mbili, na sauti ikakatika.

"Amesema nini?" Ornella akauliza. Akamtazama huyu, akamtazama yule. "Niambieni, amesema nini?"

Hakuna aliyemtafsiria.

"Kadir aliniapia," Zerrin akasema, uso umempauka. "Aliniapia kwa Mungu kwamba ni mama ndiye aliyekataza. Na Ferhat… Ferhat ndiye alikuwa ameshika simu hii. Alikuwa amesimama pale, anasikia."

Basi walimdanganya mtoto kwamba mama amelala, wakamdanganya na mama kwamba mtoto yuko njiani. Mama akakataa usingizi, akautazama mlango mpaka mwisho. Na binti, ili kumtii, ametoka sasa hivi kufanya jambo ambalo mama alimwambia aachane nalo.

Hapo machozi yakaja. Yalikuja kwa wingi na bila sauti, yakalowesha kitambaa na shingo na nguo, na Vildan hakuyafuta. Wahitimu waliokuwa wakiimba karibu yao waliona, wakanyamaza mmoja mmoja, wakaenda kuimbia mbali.

Simu ikaita. Si ya Zerrin. Ilikuwa ya Vildan mwenyewe, ndani ya mkoba. Akaitoa. Kwenye kioo ilikuwepo picha ya Kadir, anacheka, amevaa koti la mvua la shambani.

"Usipokee," Zerrin akasema. "Siyo sasa, mdogo wangu. Utamtukana na utajuta."

Vildan akavuta kamasi, akajipangusa uso kwa kiganja, akapokea. Sauti yake ilitoka shwari kiasi cha kumtisha Zerrin.

"Haloo, kaka."

"Dada yangu! Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na umefaulu? Niambie umefaulu."

"Nimefaulu, kaka. Alama zote."

Kule upande wa pili Kadir alivuta pumzi, na kama alikuwa akilia au akicheka haikujulikana. "Alhamdulillahi. Alhamdulillahi, dada! Mama atafurahi sana."

"Yuko wapi mama?"

"Yuko… yuko hapa nje tu. Na majirani."

"Vizuri," Vildan akasema. "Basi mpe simu, kaka. Mwambie nimefika."